Nyumba Zetu: Zulia la Kituruki na Sakafu Yake



Mwezi wa Oktoba ukiingia, na minada ya korosho ikaanza kuitwa katika vyama vya RUNALI, yaani ushirika wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hufuatana nao msimu wa pili ambao haukuandikwa katika kalenda yoyote, nao ni msimu wa kuoa na kuozesha. Bati hununuliwa, matofali hupangwa, vitanda hupigwa msasa. Na katika orodha ya vitu ambavyo bwana harusi hutazamiwa kuvitanguliza nyumbani kabla bibi harusi hajavuka kizingiti, siku hizi kimeingia kitu kimoja ambacho bibi zetu hawakukiuliza: zulia la Kituruki.

Hatuna ugomvi na zulia. Zulia zuri ni neema, lapendeza macho, lastarehesha mwili, na mgeni akikaribishwa juu yake hujiona ameheshimiwa. Lakini zipo khabari za kijana aliyeuza korosho zake zingali mtini, kwa ile biashara ya kangomba ambayo Serikali imeikataza, kwa bei ya kutupa, ili apate kutandika zulia katika chumba ambacho sakafu yake bado ni udongo mtupu. Alipokuja kuvuna, mavuno hayakuwa yake. Na zulia lenyewe, masika yalipokwisha, halikuwa zulia tena. Kwa ajili ya kijana huyo na wenziwe, na kwa ajili ya akina mama wanaotaka kupamba nyumba zao wasijue waanze wapi, twataka mwezi huu tuzungumze zulia hili ni kitu gani, ni nyumba ipi linaifaa, na katika nyumba ipi lingoje kwanza.

Tuanze na jina. Msafiri Ibn Battuta wa Tangier alifika Kilwa mwaka 1331, na Kilwa imo katika mkoa huu huu wa Lindi tunaouzungumza. Baada ya safari ile alifika Anatolia, nchi ambayo leo ni Uturuki, na alipopita katika mji wa Aksaray akayasifu mazulia yafumwayo pale kwa sufu ya kondoo, akasema hayana kifani katika nchi nyingine, na akataja kuwa huchukuliwa Sham, Misri, Iraki, Bara Hindi na hata Uchina. Pwani yetu hakuitia katika hesabu hiyo. Hata hivyo twaona kwamba sifa ya zulia la Kituruki si ya jana. Mazulia yaliyokutwa mwaka 1905 katika Msikiti wa Alaeddin mjini Konya hukadiriwa na wajuzi kuwa ni ya karne ya 13, na mazulia mekundu ya mji wa Uşak yalifika mpaka Ulaya, wachoraji wakubwa wa kule wakayatia katika picha zao chini ya miguu ya wafalme na juu ya meza za matajiri.

Zulia la namna hiyo hufumwa kwa mkono. Nyuzi za mtande hutandwa katika kitanda cha mfumi, na mfumaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke wa kijijini, huchukua kipande cha uzi wa sufu akakizungusha katika nyuzi mbili za mtande na kukikaza kuwa fundo, kisha akakikata. Fundo hilo huitwa fundo la Gördes, kwa jina la mji mmoja wa huko. Mstari wa mafundo ukiisha hupitishwa mshindio, ukagongwa ukashikamana, na kazi ikaanza upya. Katika mazulia ya hariri yaliyo bora ya Hereke, ambako kiwanda cha kifalme kilianzishwa mwaka 1843 zama za Sultani Abdülmecid, mafundo yapata 100 katika sentimita moja ya mraba. Atakayekadiria mwenyewe ni mafundo mangapi yaliyomo katika zulia la kukaliwa na watu wanne ataelewa kwa nini kazi hiyo huchukua miezi, na kwa nini bei yake si bei ya mkulima wa korosho, wala ya mwalimu, wala ya karani.

Basi yale tuyaonayo Kariakoo yameviringishwa na kusimamishwa mlangoni, ambayo hupakiwa katika mabasi mpaka Lindi, Masasi na Nachingwea, karibu yote si hayo. Hayo hufumwa kwa mashine, na mengi ya Uturuki hutoka katika viwanda vya mji wa Gaziantep, kusini-mashariki ya nchi hiyo, ambao ni mashuhuri duniani kwa kazi hii. Manyoya yake si sufu bali ni uzi wa plastiki, na mgongo wake aghlabu una uzi wa juti. Si kitu kibaya. Rangi zake hazichujuki upesi, maji hayapenyi katika uzi wenyewe, na nondo halili. Ubaya ni kuuziwa la mashine kwa jina la mkono, na huo ni ghashi, hata muuzaji akiapa mara tatu.

Kuyatambua ni jambo jepesi. Ligeuze zulia utazame mgongoni. La mkono, picha yake huonekana mgongoni wazi kama inavyoonekana usoni, na mafundo yake yana upungufu mdogo mdogo wa mkono wa binadamu. La mashine limenyooka kama lililopigwa rula. Tazama na matamvua: katika la mkono, matamvua ni ncha za mtande wenyewe zilizoachwa nje, na katika la mashine mara nyingi yameshonewa baadaye kwa cherehani. Mwisho omba unyuzi mmoja, uutie moto mbali na bidhaa za watu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na hugeuka jivu la kusagika. Plastiki huyeyuka ikawa tone gumu. Jambo hili la moto lishike, tutalirejea.

Sasa ama yule kijana. Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imo khabari ya Sayyidna Jabir bin Abdillahi (r.a.), naye alikuwa kijana aliyeoa karibuni, tena si tajiri. Bwana Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama wana matandiko yale yaitwayo anmat, na hayo ni namna ya mazulia na nguo nene za kutandika. Jabir akajibu kwa kustaajabu kwamba watu kama wao watayapata wapi. Bwana Mtume hakumlaumu kwa kutokuwa nayo, wala hakumwagiza akakope. Alimwambia tu kwamba yatakuja. Miaka ikapita, riziki ikapanuka, na yakaja. Na hapo Jabir, kwa kupenda maisha mepesi, akawa humwambia mkewe amwondolee hayo matandiko yake, na mkewe akimkumbusha kuwa Mtume mwenyewe ndiye aliyesema watakuwa nayo. Jabir hunyamaza akayaacha.

Tazama uzuri wa khabari hii. Imo ndani ya nyumba, baina ya mume na mke, na mke ndiye aliyeshinda kwa hoja. Mwenye kutaka kumharimishia mkewe zulia hatapata msaada humu. Lakini na mkwe mwenye kulifanya zulia kuwa sharti la kufunga ndoa, akamtazama kijana akiingia katika mkono wa mnunuzi wa kangomba, naye hatapata msaada, kwa kuwa zulia la Jabir lilikuja baada ya ndoa, lilipokuja nalo uwezo. Mkwe wa Nachingwea akiulizwa leo, mwanawe amelala juu ya nini usiku wa harusi yake mwenyewe, wengi watajibu kuwa ni mkeka mpya wa ukindu, na ndoa ile yadumu mpaka hii leo.

Tuingie ndani ya nyumba zenyewe.

Nyumba ya miti na udongo, ambayo ingali nyingi katika vijiji vya wilaya hizi mbili, ina baridi nzuri wakati wa jua, nasi hatuidharau. Lakini sakafu yake ni ardhi iliyoshindiliwa, na ardhi huvuta unyevu kutoka chini, zaidi wakati wa mvua kuanzia Desemba hata Aprili. Ukitandika juu yake zulia la sufu, unyevu huingia katika sufu likavunda. Ukitandika la plastiki, unyevu hukosa pa kutokea, ukatuama chini yake, na ile juti ya mgongoni ikaoza. Na kabla haijaoza, mchwa huwa wamekwisha kufika. Mchwa wa kusini hawahitaji mwaliko. Uso wa zulia hawaugusi kwa kuwa plastiki si chakula, bali hula mgongo polepole, na mwenye nyumba hajui kitu mpaka siku anapolinua akabaki na manyoya mkononi. Paa likiwa la nyasi, kila upepo huangusha vumbi na vipande vya majani, na manyoya ya zulia huvishika visitoke hata kwa fagio la chelewa.

Kwa nyumba hiyo ushauri wetu ni huu: fedha ya zulia iwe fedha ya sakafu. Kabla ya kwenda dukani kijana na aulize bei mbili, ya zulia kubwa na ya mifuko ya saruji, mchanga na fundi kwa chumba kimoja, kisha aziweke kando kwa kando. Sakafu ya saruji haiibwi wala hailiwi na mchwa, na mtoto akianza kutambaa atatambaa juu yake. Mpaka siku hiyo, tandika jamvi chini, na juu yake mkeka wa ukindu uliofumwa kwa rangi. Na mwenye hamu isiyotulia anunue zulia dogo, kama la sentimita 80 kwa 150, alitundike juu ya kamba au mti uliopitishwa chumbani, alitandike juu ya mkeka mgeni akija, na mgeni akiondoka alirudishe juu. Hivyo litadumu.

Ama nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati na sakafu ya saruji, hiyo ndiyo nyumba ya zulia, na ndiyo inayozidi kujengwa kila mwaka katika miji ya Nachingwea na Ruangwa na kando ya barabara zake. Humo kosa si kununua, bali ni kununua bila kupima. Mtu huiona sebule yake kuwa kubwa kwa kuwa ameijenga kwa jasho, akanunua zulia la mita 2 kwa 3, akafika nyumbani mlango haufunguki. Kwa hiyo kabla ya safari chukua futi ya fundi, na kama huna, kamba yenye mafundo. Chumba cha kawaida cha futi 10 kwa 12 ni kama mita 3 kwa 3 na sentimita 66. Zulia la mita 2 kwa 3 likitandikwa katikati huacha sakafu wazi sentimita 52 kila ubavu na 33 kila kichwani, na hilo latosha kama mlango hufunguka kwa nje au upo ubavuni. Lile la sentimita 160 kwa 230 huacha zaidi ya sentimita 65 kila upande, na kwa chumba chenye makochi ndilo twalipendelea, maana huingia chini ya miguu ya mbele ya makochi na kuvikusanya vyombo vyote pamoja kana kwamba vimeketi kuzungumza. Zulia dogo lililotupwa peke yake katikati, halikugusa kiti wala meza, hufanana na kisiwa kisicho na mtumbwi.

Sakafu inayobaki wazi pembezoni si hasara. Ndiyo inayoonyesha mpaka wa zulia, na ndipo fagio na tambara la deki hupita bila kulilowesha. Kwa sababu hiyo hatulipendi zulia la kukata kwa mita, lile linaloenea ukuta hata ukuta na kubandikwa. Halinuliwi kuanikwa, vumbi lake hubaki chini yake miaka, na mtoto akilinajisi ni taabu kulitwaharisha. Mwenye pumu nyumbani ajiepushe nalo kabisa.

Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, iliyotoka pwani ikapanda bara pamoja na wafanya biashara, ina haja yake pekee. Ukumbi ule hutaka zulia refu jembamba, lifuate mapito ya watu toka mlango wa mbele. Lakini lisifike mlango wa uani. Watu wa nyumba hutoka uani wametia udhu, miguu ingali majimaji, na zulia linalokanyagwa kwa miguu ya udhu mara tano kila siku haliwahi kukauka, likatoa harufu ambayo hata ubani hauifichi. Acha hatua tatu au nne za sakafu tupu, na hapo weka mkeka mdogo au jamvi la kufutia miguu.

Nachingwea ina namna nyingine ya nyumba ambayo Ruangwa haikuirithi sana. Ulipoanzishwa ule Mpango wa Karanga wa Waingereza mwaka 1947, Nachingwea ikawa mmoja wa vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo. Njia ya reli ikaletwa, na nyumba za kukaliwa na Wazungu zikajengwa kwa mtindo wa bangalo, vyumba vipana, baraza za mbele na madirisha makubwa. Karanga zilishindwa, mpango ukavunjwa mwaka 1951, reli nayo ikaja kung'olewa, lakini mtindo wa nyumba ulibaki. Katika sebule pana kama hizo zulia moja hupotea. Yafaa mawili, moja penye makochi na jingine penye meza ya chakula, si lazima yawe pacha, ila rangi moja iwe ndani ya yote mawili. Na kwa kuwa dirisha ni kubwa, jua la alasiri litalipiga zulia mahali pale pale kila siku. Basi kila baada ya miezi michache ligeuze, kichwa kiwe miguuni, lipauke sawasawa.

Nyumba mpya za marumaru twazipitia kwa haraka: shida yao ni kuteleza. Zulia juu ya marumaru hukimbia chini ya mguu, na mzee akianguka hapo huvunjika nyonga. Tia chini yake wavu wa mpira unaouzwa kwa kazi hiyo.

Kisha rangi. Udongo wa Nachingwea ni mwekundu, na vumbi lake la Julai hata Oktoba huingia hata penye mlango uliofungwa. Zulia la rangi ya maziwa, ambalo katika picha za duka huonekana kama la peponi, huko hugeuka rangi ya matofali kabla mwezi haujaisha, na mama wa nyumba huwa mtumwa wake. Upande mwingine, nyumba zetu nyingi zina madirisha madogo na vyumba vya kiza, na zulia jeusi au la kahawia iliyokolea hukizidisha kiza. Wafanyeje? Yapo mazulia yenye pambizo pana la rangi nyekundu nzito au ya nili, na katikati yamefunguka kwa rangi nyepesi. Hayo ndiyo ya kutafuta. Mguu wenye vumbi hukanyaga pambizo kwanza, na katikati, ambapo watu huketi, pakatoa nuru. Wekundu wa asili wa mazulia ya Anatolia hutoka katika mizizi ya mmea, nao wapatana na udongo wetu kama ndugu waliopoteana. Lakini la mashine lililoiga wekundu ule si vibaya, mradi lisiwe lile jekundu la kung'aa linaloumiza macho.

Wapo wanaoona zulia ni la thamani mno kukanyagwa, wakalitundika ukutani. Katika Sahihi ya Muslim imo khabari ya Bibi Aisha (r.a.) aliyetundika namat mlangoni, na hiyo namat ni umoja wa yale anmat ya Jabir. Bwana Mtume aliporudi kutoka safari hakupendezwa nayo, akaivuta akaiteremsha, na akaeleza kwamba hatukuamrishwa kuvisha nguo mawe na udongo. Bibi Aisha akaikata akaitengeneza mito miwili ya kujazwa makumbi ya mtende, na hilo hakumkatalia. Wengi katika wanachuoni wameifahamu khabari hii kuwa ni karaha, si haramu. Nasi twaongeza kwamba ukuta wa udongo una mchwa zaidi ya sakafu. Ama zulia la hariri tupu, wanaume hawafai kulikalia kwa kauli ya wengi wa wanachuoni, na madhehebu ya Imam Shafii ni miongoni mwao. Lakini bei yake yenyewe imekwisha kutukataza.

Na zulia la kusalia? Mazulia yenye picha ya mihrabu ni kazi mashuhuri ya Waturuki tangu zamani, na misala ya leo imeiga kwao. Yule mwenye kununua zulia kubwa la sebuleni lenye mihrabu moja au safu ya mihrabu akumbuke kwamba mihrabu ina upande. Kutoka Nachingwea na Ruangwa, Makka iko karibu kaskazini halisi, kwa kuegea kidogo sana mashariki, yapata digrii mbili tu. Nyumba iliyojengwa kufuata barabara badala ya kibla italazimisha zulia lako ama likae upande juu ya kuta, ama mihrabu yake ielekee mahali pasipo Makka, na mgeni asali kwa kulifuata. Kwa sebule chagua nakshi isiyo na kichwa wala miguu, ya ua la katikati au ya pembe pembe, na msala uwe kitu chake chenyewe, mdogo, mwepesi, unaokunjwa. Tena usiwe na nakshi nyingi za kuvuta macho. Bwana Mtume alisali katika nguo yenye alama, alama zikamshughulisha, akairudisha akataka nyingine isiyo na alama.

Na alisali juu ya nini? Juu ya khumra, kimkeka kidogo kilichosukwa kwa majani ya mtende, na nyumbani kwa bibi yake Anas juu ya jamvi lililokuwa jeusi kwa kutumiwa mno, likanyunyiziwa maji kwanza. Khumra ile, mama wa Ruangwa asukaye ukili angeitambua mara moja. Twalisema hili kwa kuwa zulia limeanza kuuaibisha mkeka. Mkeka hutolewa sebuleni ukapelekwa jikoni, kutoka jikoni ukaenda uani, na binti hajifunzi tena kuchagua ukindu, kuuchovya rangi na kushona ukili hata ukili, kwa kuwa haoni nyumba inayoutaka. Nasi twaona vitu hivi viwili vyaweza kukaa chumba kimoja. Mkeka mpana uenee, zulia dogo likae juu yake penye heshima. Rangi za ukindu zikipatana na za zulia, hakuna duka litakalokupa pambo kama hilo. Na siku ya maulidi au khitma, jirani akituma mtoto kuazima tandiko, mkeka hutoka nyumbani bila moyo kugonga. Zulia aghlabu huombewa udhuru kwamba lina unyevu.

Limebaki jambo la kulitunza. Tulisema plastiki huyeyuka. Katika nyumba zetu, adui wa kwanza wa zulia la mashine ni chetezo. Kaa moja likiruka wakati wa kufukiza udi, hutoboa tundu lenye ukingo mgumu ambalo halishoneki, na likikuta pazia karibu ni balaa kubwa zaidi. Chetezo kikae juu ya sinia la bati, na dawa ya mbu ya kuchoma hali kadhalika. Jiko la makaa lisipande juu ya zulia kwa sababu yoyote, hata usiku wa baridi wa mwezi wa Julai.

Mtoto akikojoa, kausha kwanza kwa kitambaa mpaka kisipate kitu, kisha mimina maji safi juu ya mahali pale, yakienea na kupita, hata isibaki rangi wala harufu wala tamu ya najisi. Kupangusa kwa kitambaa kibichi peke yake hakutoshi. Kisha litoe nje lote likauke pande zote mbili. Zulia litakalowezwa likarudishwa ndani bichi litanuka, na utafikiri ni najisi iliyobaki, kumbe ni ukungu.

Kila wiki lipelekwe uani, litundikwe juu ya kamba nene na kupigwa kwa fimbo upande wa mgongo, si wa uso, na mpigaji asimame upande utokao upepo. Kila mwezi linuliwe utazame chini yake, khasa pembeni mwa ukuta. Ukiona mstari mwembamba wa udongo uliopanda kutoka ufa wa sakafu, hao ni mchwa, uziba ufa kwa saruji siku hiyo hiyo. Na mvua za Desemba zikikaribia, mwenye nyumba ambayo bati lake linavuja asingoje. Alipige, alianike jua la siku mbili, aliviringishe uso ukiwa ndani, asilikunje pande nne likavunjika mgongo, alifunge kwa shuka kuukuu la pamba na kulisimamisha juu ya matofali mawili, mbali na ukuta, na mkeka urudi sebuleni mpaka Aprili.